Nchi ya Kitanda Kimoja

Kaeni vizuri, maana habari hii haisikilizwi na mtu aliyeacha sufuria motoni. Naitoa kama nilivyoipokea. Atakayeona nimetia chumvi, na aende Sawia akaionje mwenyewe. Njia ya kwenda huko siielezi: aliyefika hakumbuki alipitia wapi, na asiyefika hata akielekezwa atapotea.

Basi alikuwapo mama mmoja, Mwanamvua, mrefu wa kimo na mfupi wa subira. Mungu alimjalia watoto wawili, Sudi na Kidawa, kisha akamchukua Sudi. Sudi alikwenda na mafua. Alishikwa na kikohozi na homa kama watoto wa jirani, akakataa chakula kama watoto wa jirani. Kulipokucha watoto wa jirani wakaamka wanadai chai, yeye hakuamka. Watu waliokuja matangani walinong'onezana, "Mafua tu, jamani? Mafua tu?" na tangu siku hiyo hapakuwa na neno Mwanamvua alilolichukia kama hilo "tu".

Baadaye daktari wa kwao alimpima Kidawa, akagundua kilichomwondoa kaka yake. Ni kasoro ya kurithi, ambayo mtoto huipata kwa baba na mama kwa pamoja, nayo ni adimu kiasi kwamba daktari mwenyewe alikuwa hajapata kuiona ila vitabuni. "Mwili wa mtu ukikosa chakula," alimweleza, "hufungua ghala ukala akiba ya mafuta. Mwili wa Kidawa ghala unalo, ila ufunguo hauna." Siku za kawaida, mradi anakula kwa wakati, usingemjua. Anaruka kamba, anagombana, anaiba karanga za watu. Lakini akiingiwa na virusi vya mafua, homa ikapanda, hamu ya kula ikatoweka, basi saa chache za njaa zingemlaza usingizi ule wa Sudi. Dawa yenyewe ni ya jikoni: uji wa sukari, kidogo kidogo, bila kuachia, mpaka homa iondoke.

Mwanamvua akawa mama wa kukimbia kila anayepiga chafya. Ndipo alipopata sifa za Sawia. Aliambiwa ni nchi yenye hospitali kubwa kuliko zote na madaktari wengi kuliko wagonjwa, na watu wake wote hupona siku moja. Akasema, kama kuna mahali mwanangu atapona, ni hapo. Akambeba mtoto, huyoo.

Walifika siku ya Ijumaa. Mji mzima ulinuka samaki wa kukaanga, kila nyumba, kana kwamba wote wametumwa na mpishi mmoja. Langoni alisimama ofisa, Mlinganishaji Ngoda, mtu wa makamo aliyenyooka kama mwiko. Kazi ya Mlinganishaji katika Sawia ni kuhakikisha hakuna mtu anayezidi wala kupungua. Midomo ilikuwa imemvimba, macho mekundu, anajikuna shingo mpaka inatoka chenga.

"Pole, kaka," Mwanamvua akamwambia. "Unaumwa?"

"Naumwa?" Ngoda akashangaa. "Sawia haijaumwa tangu masika."

"Na hiyo midomo?"

"Midomo ndivyo inavyokuwa siku ya Ijumaa," akajibu, akaendelea kujikuna.

Ndipo alipomweleza mambo ya nchi yake, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. Zamani, alisema, Sawia ilikuwa kama nchi nyingine, kila mtu na maradhi yake. Huyu jino, yule mgongo, yule kifua, fujo tupu. Serikali haikujua itengeneze dawa gani. Wazee wakakaa wakatafuta mtu mmoja asiye mrefu wala mfupi, asiye mnene wala mwembamba, asiye na ajabu yoyote, wakamtawaza kuwa Mwili wa Taifa. Akichoka yeye hutafutwa mwingine wa aina ile ile. "Akiumwa Mheshimiwa Mwili, tumeumwa. Akipona, tumepona. Anachokula ndicho tunachokula. Leo amekula samaki, nasi tumekula samaki."

"Na mtu mwingine akiumwa peke yake?"

Ngoda alimtazama kwa huruma. "Dada yangu, ataumwaje peke yake? Kuumwa ni jambo la taifa."

Mwanamvua alipoingia mjini aliona wote wanachechemea. Akadhani ni vilema, kumbe ni viatu. Sawia hushona viatu vya kipimo cha Mwili wa Taifa, basi. Mwenye mguu mkubwa anaukunja, mwenye mguu mdogo anajaza matambara, na watoto wanaburuta majahazi. Hakuna anayelalamika, maana anayelalamika huulizwa kama Mheshimiwa Mwili amelalamika.

Aliwapokea mzee mmoja aitwaye Ngwali, mjane aliyeishi peke yake karibu na soko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Akacheka, kisha akatazama nyuma yake, akaona neno hilo la kupona halifai kusemwa ovyo. "Namaanisha, karibuni tu."

Alikuwa mtu mwema, Mzee Ngwali. Kidawa alimzoea kabla hajavua viatu. Aliwatilia chai yenye sukari tele, yake akainywa bila sukari. Mwanamvua alipomuuliza mkewe yuko wapi, alijibu, "Alifariki mwaka juzi, akiwa na afya njema. Ndivyo ilivyotangazwa."

Baada ya siku chache Mwanamvua aliona mengine. Mzee alikunywa maji kama anazima moto. Alichechemea hata akiwa pekupeku, na chini ya unyayo wake kulikuwa na kidonda kisichofunga. Mwanamvua alipoinama kufagia chini ya kitanda cha mzee, akakuta mitungi imejaa sukari.

"Baba, hiki ulicho nacho ni kisukari."

"Shh! Mwanangu, usinitafutie balaa." Akafunga mlango. "Mwili wa Taifa hana kisukari, sasa mimi nitakuwa nacho kama nani? Haya ni mambo yangu. Posho ya sukari inaletwa kila nyumba sawa na anayokula yeye. Nikiila, nakwisha. Nikiimwaga, wanaona. Basi naificha. Kuchechemea wala hakunisumbui, maana tunachechemea wote."

"Babu hali sukari?" Kidawa aliuliza kwa mshangao mkubwa, kana kwamba ameambiwa babu hali hewa.

"Hali," akasema mzee. "Na wewe usimwambie mtu, bibi wee."

Wiki haijaisha, Kidawa akapiga chafya. Mwanamvua akajipa moyo kuwa ni vumbi. Mchana pua zikaanza kuchuruzika, jioni kikohozi, na kulipokucha paji la uso lilikuwa la moto. Mama wa watu roho ikamruka. Akawasha moto, akakoroga uji, akaanza kazi ya kijiko: kijiko kimoja, ngoja, kijiko kingine. Kisha akamwacha mtoto na mzee, akamkimbilia Ngoda amwonyeshe njia ya hospitali.

"Kwa ajili gani?" Ngoda akauliza.

"Mwanangu ana mafua."

"Hana. Taifa halijaugua."

"Kaka, anakohoa!"

"Anatoa sauti. Mafua yatatangazwa."

Na kweli yakatangazwa. Kesho yake asubuhi baragumu likalia kutoka juu ya paa la hospitali, na mpiga mbiu akapita mtaani: "Mheshimiwa Mwili amepiga chafya! Tumeugua! Tumeugua wote!" Loo! Mwanamvua hakuwahi kuona jambo kama lile. Fundi aliyekuwa juu ya ukuta alishuka akalala kando ya udongo wake. Muuza ndizi alijilaza juu ya ndizi. Waliokuwa wazima kama chuma walianza kukohoa kwa bidii, na jirani mmoja aliyekohoa kidogo alionywa na Mlinganishaji aongeze. Kidawa, ambaye alikuwa mgonjwa wa kweli pekee katika mtaa ule, alilala kimya.

Mwanamvua akafurahi. Akajiambia, sasa wamekubali kuwa mtoto anaumwa, watamsaidia. Hakujua. Ngoda aliingia na ndoo ya maji, akaenda moja kwa moja jikoni, akayamwaga juu ya moto. Fyuuu.

"Unafanya nini wewe!"

"Kwenye mafua hakuliwi chakula. Mwili wa Taifa wa kwanza kabisa, alipopata mafua ya kwanza, alisema 'sili'. Tangu hapo, taifa likiwa na mafua, mafiga yote ni baridi mpaka apone. Ni utaratibu wa afya."

"Mwanangu akikaa na njaa atakufa!"

"Hatakufa, dada," Ngoda akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, na wabaya wa kweli ni wachache kuliko watiifu. "Ni mafua tu."

Mwanamvua alitaka kumparua. Mzee Ngwali akamshika mkono, akangoja ofisa atoke, kisha akapiga magoti kwa taabu akauvuta mtungi chini ya kitanda. "Hii haihitaji moto," akasema. Wakakoroga sukari katika maji baridi, mama akashika kijiko. Kwa asubuhi nzima mtoto aliishi kwa sukari ya mtu asiyeweza kula sukari. Ilipofika adhuhuri akaanza kutapika. Kijiko kikiingia, kinarudi. Macho yakawa mazito. Mama akamwita, "Kidawa! Kida!" naye akaitika kama mtu aliye chumba cha pili. Mwanamvua aliujua usingizi ule. Aliwahi kuutazama mara moja, akidhani mtoto anapumzika.

"Nenda naye hospitali," mzee akasema, akamjazia chupa ya maji ya sukari. "Mimi mguu haunifikishi. Nenda, mwanangu, na atakayekuzuia mwambie umetumwa na Ngwali. Hawanijui, lakini mwambie."

Mji ulikuwa umelala chali, ukikohoa. Hakuna aliyemzuia.

Hospitali ya Sawia ni jengo ambalo ukitazama juu kofia huanguka. Ngazi za mawe, korido zinazong'aa, na madaktari, madaktari! Walikuwa wamejaa kila kona na makoti meupe, wakinong'ona. Mwanamvua alipita wodi ya kwanza, haina kitanda. Ya pili, haina kitanda. Zote zilikuwa ofisi. Ofisi ya Uchunguzi wa Pua ya Kulia ilitazamana na Ofisi ya Uchunguzi wa Pua ya Kushoto, na mabingwa wake walikuwa hawasalimiani. Mwisho kabisa kulikuwa na ukumbi mkubwa wenye pazia la buluu, na nyuma ya pazia kitanda kimoja. Ndicho kitanda pekee cha wagonjwa katika nchi nzima.

Mbele ya pazia alikaa Profesa Msabaha, tabibu mkuu, mzee nadhifu mwenye sauti ya mtu asiyewahi kukatizwa. Mwanamvua alimwamkia, akaeleza yote kwa pumzi moja: ghala, ufunguo, Sudi, homa, uji.

Profesa alisikiliza kwa makini sana. "Wako wangapi?"

"Akina nani?"

"Wenye ugonjwa huo."

"Hapa? Ni huyu mmoja."

"Mmoja!" Profesa akawageukia wenzake, nao wakatabasamu kwa adabu. "Mama, kikiwa na mtu mmoja hicho si ugonjwa, ni tabia. Ugonjwa unataka watu."

Bingwa wa pua ya kulia akadakia, "Na tuseme tumpe uji. Kesho atakuja mwingine hataki maziwa, keshokutwa mwingine anataka kiatu chake peke yake. Sawia itabaki na nini?"

"Kwa mara ya kwanza nakubaliana naye," akasema bingwa wa pua ya kushoto, na ukumbi mzima ukaguswa na tukio hilo.

"Na akifa?" Mwanamvua akauliza.

"Hawezi. Tumechunguza mafua ya Mwili wa Taifa kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyekufa. Mtoto wako apumzike, afunge kula, keshokutwa tutapona wote." Profesa akampigapiga begani. "Ni mafua tu, mama."

Hapo ndipo alipopasuka. "Tu! Nimezika mtoto kwa hilo 'tu' lenu! Nilikuwa na mwana wa kiume, alikuwa akipiga mluzi mpaka majirani wanachukia, akafa kwa hilo 'tu', na watu wenye akili zao wakaniambia haiwezekani amekufa! Amekufa! Sudi amekufa! Na huyu mnamwona mkono unaning'inia, mnaniuliza wako wangapi? Ni mmoja! Sina mwingine! Huyo mmoja ndiye wote nilio nao!"

Uchungu wa mwana ajuaye ni mzazi. Madaktari walitazama viatu vyao. Kelele kama ile haikuwa imesikika pale, kwa kuwa Mheshimiwa Mwili hakuwa amewahi kupiga kelele.

Pazia likasogea. "Nani huyo?" sauti ikauliza, sauti ya mafua.

Alikuwa ameketi kitandani, mtu wa kawaida kupita kiasi. Ungemkuta sokoni usingemkumbuka. Pua nyekundu, leso mkononi. Macho yake hayakumtazama mama wala mtoto. Yalitua kwenye chupa.

"Ina nini?"

"Maji ya sukari," Mwanamvua akasema. "Ya mtoto."

Mwili wa Taifa akameza mate, na ukumbi mzima ukamsikia.

Profesa akawahi, "Mheshimiwa hana hamu ya kula."

"Nani kasema?"

"Mheshimiwa mwenyewe."

"Mimi? Aliyesema ni yule wa kwanza, Mungu amrehemu. Mimi nikishikwa na mafua ndipo njaa inaponitafuna. Tangu mlipoanza kunilaza hapa, kila mafua nimelala na njaa."

"Lakini Mheshimiwa, takwimu zinaonyesha..."

"Takwimu ni mimi!" akafoka yule bwana, kisha akakohoa, na madaktari wote wakakohoa.

Mwanamvua hakuwa amesoma, lakini mlango ukifunguka aliujua. Akasogea mpaka kitandani akamlaza Kidawa miguuni pa yule mtu. "Mheshimiwa, ukila wewe, amekula mwanangu. Omba uji. Nakuomba, baba, omba uji."

Bwana yule akamtazama mtoto. "Anaitwa nani?"

"Kidawa."

"Mimi naitwa Machano," akasema taratibu. "Miaka mingi sijaulizwa." Akainua kichwa. "Leteni uji. Wa sukari, na uwe mwingi. Mabakuli mawili."

Palizuka kukimbia ambako jengo lile halijapata kuona. Uji ukaletwa unafuka moshi. Sheria ilitaka atangulie yeye. Machano akapiga funda moja, akaungua ulimi, madaktari wote wakashika ndimi zao. Bakuli la pili akamsukumia mama.

Kijiko kimoja, ngoja. Kijiko kingine. Cha kwanza kilimwagika shavuni. Cha pili akakimeza nusu. Mwanamvua akawa anaomba kimoyomoyo, anaapa, anabembeleza, anatukana, yote kwa pamoja. Kivuli cha dirisha kilikuwa kimehamia ukuta wa pili ndipo Kidawa alipofungua macho, akakunja uso.

"Mama, uji una madonge."

Mwanamvua akalia mpaka Machano akamkopesha leso.

Baragumu likapigwa upya. Madaktari waliandaa tangazo wakiwa bado wanashika ndimi, nalo lilikuwa zuri sana: Taifa lina hamu ya kula. Uji wa sukari ni dawa ya mafua. Kila mtu bakuli moja lililojaa, asubuhi, mchana na jioni, mbele ya Mlinganishaji, mpaka tutakapopona. Mama mgeni asifiwe.

Mama mgeni hakusikia hata neno moja. Alikaa ukumbini na kijiko chake mpaka Alhamisi, homa iliposhuka na Kidawa akaanza kuuliza kwa nini bingwa wa pua ya kulia ana nywele masikioni. Hapo akajua mtoto amerudi. Machano bado alikuwa na mafua, basi nchi nayo bado ilikuwa nayo. Mwanamvua akamshika mkono, akamuaga, "Kwaheri, kaka Machano," yule bwana akafunika uso kwa shuka.

Nje, watu waliokuwa wamelala vibarazani walimwamkia kwa vifijo. Watoto walikuwa na masharubu ya uji. Lango la nchi lilikuwa wazi pale mbele, na Mwanamvua hakutaka kitu kingine duniani ila kulipita. Ndipo alipowaona Walinganishaji wakitoka kwenye nyumba moja na kuingia ya pili, wamebeba masufuria kwa vishikio, na mabakuli yakigongana.

"Mama," Kidawa akasema, "babu hali sukari."

Mwanamvua akasimama ghafla. Mungu wangu, yule mzee. Akatazama lango. Sitaki kuwadanganya: alilitazama sana. Alikuwa na mtoto mzima mkononi, na katika nchi ile alishawahi kuomba muujiza mmoja. Kisha akageuka, akavua viatu vya Sawia alivyopewa ili akimbie.

Mzee Ngwali alikuwa mkekani, ameegemea ukuta. Midomo imekauka, kope nzito, anahema kama aliyepanda kilima. Mtungi wa maji kando yake ulikuwa mtupu. Ngoda alikuwa amechuchumaa mbele yake na bakuli, wasaidizi wawili nyuma yake.

"Kunywa, mzee wangu. Usitutie aibu. Mtaa mzima umekunywa."

"Mwanangu Ngoda, tangu juzi nimekunywa kila mlipokuja. Sasa hata mlango ulipo siuoni."

"Mwacheni!" Mwanamvua akapiga kelele. "Uji huo kwake ni sumu!"

Ngoda akasimama, uso umechanua. "Dada! Ndiye wewe uliyetuletea uji huu. Sawia nzima inakushukuru. Sumu vipi, na umemponya mwanao?"

Mwanamvua angejibu nini? Uji ulikuwa ule ule. Aliuomba yeye, kwa machozi, kwa mtu mmoja, naye alijua fika kwamba katika nchi ile chochote apewacho mtu mmoja watalazimishwa wote. Mzee huyu alimpa mwanawe sukari, naye akamrudishia sukari hiyo hiyo kwa bakuli. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aibu ikamshika mpaka masikio yakawa ya moto.

"Sheria inasemaje?" akauliza mwishoni, kwa sauti ndogo. "Neno kwa neno."

"Nihakikishe bakuli limekuwa tupu mbele yangu."

Wakati wanasemezana, Kidawa alikuwa ameketi mkekani ubavuni mwa mzee. Hakuomba ruhusa. Alichukua bakuli kutoka mkononi mwa Ngoda, akalipeleka mdomoni, akanywa bila kupumua, akalamba ukingo, akalamba na kijiko. Kisha akalipindua bakuli juu chini kuwaonyesha wote.

"Huu hauna madonge," akasema.

Mzee Ngwali akaushika mkono wa mtoto. Mwanamvua akamtazama Ngoda, akijua kuwa neno moja la mtu yule lingetosha kuleta sufuria nyingine. Ngoda alilitazama bakuli. Akalitazama tena, ndani na nje. Kisha akawaambia wasaidizi, "Nyumba hii imekunywa. Tangulieni."

Walipotoka akaufunga mlango. Hakuondoka. Akachuchumaa pale mkekani mbele ya Kidawa, yule mtu aliyenyooka kama mwiko, akawa anajikuna shingo mahali palipoanza kupona tangu Ijumaa iliyopita. Akashusha sauti mpaka ikawa kama ya mtoto anayeomba.

"Kesho ni Ijumaa, siku ya samaki," akasema. "Wewe... samaki unakula?"

Kidawa akalifikiria jambo hilo kwa uzito wake.

"Ana miiba?"